Shilingi Mia za Dada Yangu

Mwishoni mwa mwaka jana nilipata wito wa kufika ofisi ya ustawi wa jamii. Mtalaka wangu alikuwa ameomba matunzo ya mtoto wetu yaongezwe. Tuliachana mwaka 2018, mtoto akiwa na miaka minne, tukakubaliana shilingi 80,000 kwa mwezi. Tangu hapo sijaruka mwezi hata mmoja. Natuma kwa simu, ujumbe wa muamala unarudi, nauhifadhi. Kwa hiyo nilipousoma ule wito niliudhika, nisiseme uongo. Nikajisemea, mimi ninayelipa ndiye ninayeitwa, na wale wasiotoa hata senti wamekaa kilabuni kwa raha zao.

Karatasi ya makubaliano yetu nilikuwa nimeiacha kwa mama, Daudi. Basi nikapanda gari kwenda kuifuata.

Kwa asiyepajua, Daudi iko juu kwenye vilima vya Mbulu, mkoa wa Manyara. Ni kwetu Wairaqw. Asubuhi ukungu unakaa hadi saa tatu, watu wanalima mahindi na maharage, na mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka mengine unaweza kuyavuka kwa hatua chache. Vijana wa kiume wengi hawabaki. Wanashuka Karatu, wanaenda Arusha, au wanaingia machimbo ya tanzanite kule Mirerani na kuwa wanaapolo. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uhusiano mkubwa na ninachotaka kukisimulia.

Mama anatunza nyaraka zake kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipolifungua kutafuta karatasi yangu nikakuta nyingine mbili, zimekunjwa pamoja, zimefungwa kwa uzi. Zote ni amri za mahakama. Ya kwanza ni ya 1975 na inamhusu dada yangu mkubwa, ambaye mama alimzaa kabla hajaolewa. Ya pili ni ya 1988 na inanihusu mimi, mwaka mama na baba walipoachana. Ya dada inasema baba yake atalipa shilingi 100 kwa mwezi. Yangu inasema baba yangu atalipa shilingi 600 kwa mwezi.

Nikamuuliza mama kwa nini mimi mia sita na dada mia. Akacheka kidogo. "Hakimu alisema ndiyo mwisho wa sheria. Mia. Hata kama baba mtu ana lori kumi."

Nilidhani mama amesahau, au hakumwelewa hakimu. Niliporudi mjini nikaanza kuuliza, nikasoma, rafiki yangu mmoja wakili akanisaidia kuzipata sheria zenyewe. Kumbe mama hakusahau kitu.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria iliyoitwa kwa Kiingereza Affiliation Ordinance, ambayo baadaye iliingia katika vitabu vya sheria kama Sura ya 278. Kazi yake ilikuwa moja: mwanamke aliyezaa nje ya ndoa aweze kumpeleka mahakamani mwanamume anayemtaja kuwa baba, na mahakama ikiridhika, imwamuru alipe. Ila sheria iliweka milango mitatu myembamba. Kwanza, mama ilibidi afungue shauri ndani ya miezi 12 tangu mtoto azaliwe, isipokuwa kama yule mwanamume aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya muda huo. Pili, maneno ya mama peke yake hayakutosha, lazima yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Tatu, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi.

Milango hiyo haikuchongwa Mbulu wala Dar es Salaam. Ukisoma sheria ya Uingereza ya 1872 kuhusu watoto wa nje ya ndoa utaikuta miezi 12 ileile, sharti lilelile la ushahidi wa nyongeza, na kikomo cha shilingi tano kwa wiki. Ilikuwa sheria ya nchi yenye viwanda na wasichana wa kazi za ndani, iliyoogopa watoto wa maskini wasije wakalelewa kwa kodi za parokia. Ikapakiwa melini na kuja kwetu pamoja na sheria nyingine.

Tuwe wakweli lakini. Mwaka 1949 shilingi 100 hazikuwa mzaha. Shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa sawa na pauni moja, hivyo mia ilikuwa pauni tano. Kwa mtu wa kawaida wa kijijini hiyo ilikuwa fedha ambayo hakuishika kwa mwezi. Nchi ilipoanza kutoa noti zake mwaka 1966, ile ya shilingi 100 ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Kwa hiyo hata mwaka 1975, hakimu alipomwandikia mama mia, alimpa kiasi cha juu kabisa alichoruhusiwa. Dola moja ya Marekani wakati huo ilikuwa chini kidogo au juu kidogo ya shilingi saba na nusu. Mia ilikuwa na uzito.

Mama alivuka ile milango kwa sababu ya barua. Baba yake dada, kijana aliyekuwa na kazi ya mshahara mjini, alimwandikia mama barua kuuliza kama mtoto anaendelea vizuri. Mama wakati huo hakujua kusoma vizuri. Alisomewa mara moja na mdogo wake, akaificha. Mtoto alipofika miezi tisa na yule bwana akaanza kusema hamjui huyo mwanamke, barua ikatoka. Huo ndio ulikuwa ushahidi wa nyongeza. Nawaza wangapi hawakuandikiwa barua.

Lakini je, kabla ya mahakama na mani oda, mtoto wa wazazi walioachana alitunzwaje? Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na jibu fupi: mtoto anakula pale penye shamba la ukoo wake. Kwetu ukoo ni wa baba. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa alikuwa wa baba, wazazi wakiachana mtoto angerudi kwa watu wa baba, na huko kulikuwa na ardhi, ng'ombe na bibi wa kumlea. Hakuna aliyeulizwa alipe shilingi ngapi, kwa sababu mtoto hakuwa mbali na chungu.

Tusiupambe huo wakati kupita kiasi. Mama angeachwa bila mtoto wake. Na kwa msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, mila ya Wairaqw ilikuwa kali mno. Hali hiyo ilihesabiwa kuwa mwiko uliochafua nyumba nzima, ikaitwa metimani, na msichana alitengwa, atoke kwao akakae mbali na watu mpaka utengo uishe. Bibi alilisema neno hilo kwa sauti ya chini hata mwaka 1990. Mama alipopata mimba ya dada, mambo yalikuwa yamelegea. Hakufukuzwa porini. Lakini alilala nyumba ya pembeni kwa muda mrefu, na babu hakusema naye.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka mila zote ziandikwe ili mahakama zijue pa kusimamia. Kazi ya kukusanya ilikuwa imefanywa kwa miaka mingi na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali. Mwaka 1963, mwaka ambao machifu walivuliwa madaraka na mahakama za mwanzo zikaundwa, likatoka Tangazo la Serikali namba 279 lenye kanuni za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo imeandikwa kwamba watoto wa ndani ya ndoa ni wa baba. Na mtoto wa nje ya ndoa? Baba asiyetaka kumwoa mama angeweza kumfanya mtoto kuwa wake kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa kunyonya.

Nilipofika hapo nilisimama. Mia tena! Sheria ya mkoloni ilisema mia kwa mwezi, kumlisha mtoto. Sheria ya mila iliyoandikwa ilisema mia mara moja tu, kumchukua mtoto. Mia ya kwanza ilikuwa ya mama, ya pili ilikuwa ya babu. Hakuna hata moja iliyouliza mtoto mwenyewe anahitaji nini.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Serikali ilikuwa imetoa mapendekezo yake mwaka 1969 na watu wakabishana sana, kwa sababu ilikusudia kuweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za bomani chini ya sheria moja. Leo tunaikumbuka zaidi kwa umri wa kuolewa na mgawanyo wa mali. Lakini kifungu cha 129 kilifanya jambo kubwa kimyakimya. Kilisema ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine yeyote, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo na hali yake, au alipe gharama zake. Na kwingine ndani ya sheria hiyohiyo, kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama ilitakiwa ianze na dhana kwamba ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Yaani kwa mara ya kwanza mtoto angeweza kuwa wa ukoo wa baba, akaishi kwa mama, na baba bado akadaiwa. Pale kwetu Daudi hili liliangukia wakati mwafaka, maana shamba la ukoo lilikuwa limeshaanza kuisha. Baba aliyeko Mirerani au Arusha hana chungu cha kumrudishia mtoto. Ana mshahara, au bahati ya jiwe. Wajibu ukageuka kuwa hela.

Kifungu hicho hakikutaja kiwango chochote. Ndiyo maana mwaka 1988 hakimu alimwangalia baba yangu, akauliza anapata nini, akaandika 600. Kwa dada yangu hakuweza kufanya hivyo. Dada hakuwa mtoto wa ndoa, na Sura ya 278 ilikuwa bado hai.

Basi tuliishi hivyo, watoto wawili wa tumbo moja, tukila sahani moja, chini ya sheria mbili. Sisemi kwamba mimi nilineemeka. Miaka ya themanini bei zilikuwa zinapanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Mwaka 1986 serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola iliruka kutoka takriban shilingi 17 hadi 40, na kufikia 1990 ilikuwa inakaribia 200. Zile 600 zangu zilikuwa zikiyeyuka mkononi mwa mama. Baba alilipa mwaka mmoja na kitu, akahama, akanyamaza. Baba yake dada alikuwa ameacha kulipa siku nyingi, na mama hakumfuata. Nauli ya kwenda kudai ilikuwa inazidi hela yenyewe.

Hapa ndipo nilipoelewa kicheko cha mama. Sheria haikumnyima dada yangu. Ilimwandikia. Ila ilimwandikia namba, halafu dunia ikasonga na namba ikabaki pale pale. Mwaka 1993 Benki Kuu ilitoa shilingi 100 kama sarafu. Ile iliyokuwa noti kubwa kuliko zote ikawa chuma cha kuchenjia, na bado kitabu cha sheria kilisema mtoto wa nje ya ndoa asizidishiwe hiyo kwa mwezi. Mwaka 2009, sheria ile ilipofutwa hatimaye, dola moja ilikuwa kama shilingi 1,300. Mia ilikuwa chini ya senti nane za Marekani. Miaka 60 mtoto alikuwa akikua na kiwango hakikui.

Usidhani majirani zetu walikuwa mbele sana. Kenya ilipata sheria yake ya aina hii mwaka 1959. Wanawake wakaitumia hasa, wanaume wakalalamika kwamba wanakomolewa, na mwaka 1969 Bunge likaifuta moja kwa moja. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge Kenya, Grace Onyango, aliingia baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka huohuo, sheria ikiwa imeshazikwa. Mtoto wa nje ya ndoa Kenya ilibidi asubiri katiba ya 2010, ibara ya 53, iseme kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwake wawe wameoana au hawakuoana. Wenzetu waliifuta sheria kwa kelele. Sisi tuliiacha ikauawa na bei ya sukari.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini Sheria ya Mtoto, Namba 21, ilipitishwa 2009. Hiyo ndiyo iliyoifuta Sura ya 278. Muda wa kufungua shauri dhidi ya anayetajwa kuwa baba uliongezwa hadi miezi 24. Kipimo cha vinasaba kikaingia, kwa hiyo si lazima tena uwe umeandikiwa barua. Si mama tu anayeweza kudai, hata ndugu, ofisa ustawi wa jamii au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anaweza. Anayekiuka wajibu wake anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tano au kifungo hadi miezi sita.

Lakini kwangu kilicho kizito zaidi ni kifungu cha 44. Hakitaji kiwango. Kinamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kuchuma wa anayedaiwa, watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto. Anapoishi mtoto, sio anapoishi baba. Nilikisoma hicho kipande mara tatu.

Ubaya ni kwamba sheria ikishaacha kutaja namba, sisi wenyewe tunaitaja. Tunaiandika kwenye karatasi, tunaweka sahihi, na inageuka kuwa Sura ya 278 yetu ya nyumbani. Sheria inaruhusu kiwango kibadilishwe hali ikibadilika. Ila nani anakumbuka kwamba hali imebadilika? Yule anayenunua daftari. Ndiye anayepaswa kupanda gari, kupanga foleni, kueleza upya, na kuonekana msumbufu. Baba mlipaji kama mimi anakaa na jumbe zake za muamala, anajihesabia haki.

Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii siku niliyopangiwa. Nilikuwa nimezichapisha zile jumbe zote, zimejaa bahasha. Ofisa, mama mtu mzima, alizipitia kwa heshima, akasema, "Hongera baba, umelipa." Halafu akauliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi.

Sikujua.

Akauliza yuko darasa la ngapi. Hilo nilijua, la tano. Akauliza shuleni kwao wanachangia kiasi gani cha chakula. Nikaanza kusema kwamba tangu 2016 elimu ni bure. Mtalaka wangu, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akatoa daftari dogo kwenye mkoba. Kaunta buku ya kurasa chache. Ameandika kila kitu: sare, mchango wa chakula, ya mtihani, dawa, nauli ya kwenda Daudi kumwona bibi. Hakuwa ameandika kwa hasira. Ni hesabu tu, mwezi kwa mwezi. Mwaka 2018 zile 80,000 zilikuwa zinatosha zaidi ya nusu. Sasa hazifiki theluthi.

Tulikubaliana 150,000. Nikaomba mwenyewe iongezwe sentensi moja, kwamba kila Januari tutakaa tuangalie upya, bila yeyote kumwita mwenzake. Ofisa akaniangalia juu ya miwani, akaandika.

Jioni nikampigia dada. Anauza vitunguu saumu mnadani, ana watoto watatu na wote amewasomesha. Nikamsimulia yote, sheria ya 1949, mia ya mkoloni na mia ya mila, noti iliyogeuka sarafu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua siku zote kwamba yake ilikuwa mia na yangu mia sita. Alizisoma zile karatasi akiwa darasa la saba, mama akiwa shambani. "Nilidhani ndiyo tofauti yetu," akasema. "Kwamba wewe unastahili mara sita."

Sikuwa na la kumjibu. Tukaongea habari za mvua.

Januari mwaka huu nilimpigia mtalaka wangu kabla sijatuma hela, nikamuuliza namba ya kiatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Thelathini na sita. Lakini nunua thelathini na saba, anakua."